Kiwanjani napata shabaha, getini nilishika shati tu

*"Mwalimu, Assalaam alaykum. Nina duka la jumla Darajani, hapa Unguja, na ninaishi Fuoni na mke wangu na watoto watatu. Nina bastola ya milimita 9 kwa leseni, na nilipata mafunzo ya awali kabla ya kuichukua. Kiwanjani, umbali wa mita kumi, nikipewa risasi kumi basi nane au tisa zinaingia kwenye duara. Mwezi uliopita, saa nne za usiku, nilikuwa nafungua geti la nyumbani watu wawili wakanijia mbio. Nilipeleka mkono kiunoni nikashika shati tu. Mikono ikatetemeka, sefti, kile kijiti cha kuzuia bastola isifyatuke, sikuiona, na walichosema mpaka leo sikikumbuki. Kumbe walikuwa vijana wa jirani wanakimbilia daladala. Tangu siku hiyo naona mafunzo yangu hayana maana. Nimeangalia sana video za Wamarekani, na rafiki yangu amekubali tufanye mazoezi ya kweli: nitoe risasi zote, yeye anivamie kwa panga la mti, mimi nichomoe bastola nimwelekezee na kufyatua. Wengine wananiambia nipige risasi nyingi zaidi kiwanjani na inatosha, na siku ikifika nipige moja hewani, watakimbia wenyewe. Nifanyeje mazoezi yangu yafanane na hali halisi? Bastola niibebe ikiwa na risasi chemba, yaani imeshaingia kwenye mtutu tayari kufyatuliwa, au bila? Na mke wangu naye afundishwe?"*

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Nianze na lile ambalo haliwezi kusubiri: zoezi mlilopanga na rafiki yako msilifanye. Hata mkiikagua bastola mara tatu, msilifanye. Silaha ya kweli haielekezwi kwa mtu wakati wa mazoezi, iwe na risasi au iwe tupu. Watu wengi duniani wameuawa na bastola "tupu" wakiwa mazoezini, na miongoni mwao wamo askari na wakufunzi wazoefu. Mara nyingi silaha huwa imekaguliwa vizuri mwanzoni. Kisha watu wakapumzika, mmoja akapokea simu, akarudisha magazini yake, yaani kile kisanduku cha risasi, kwa mazoea, na mwenzake akasema turudie mara moja ya mwisho. Mnapotaka zoezi la watu wawili, mpelekeeni seremala picha ya bastola yako akuchongeeni ya mti, muipake rangi nyekundu au buluu, na ile ya kweli ibaki nyumbani ndani ya sefu. Isifike kabisa mahali mnapofanyia zoezi. Na msilifanyie barabarani wala uwanjani pa wazi, maana mpita njia atakayeona panga na bastola hataulizia kama ni vya mti.

Sasa nije kwenye khofu yako. Umegundua kuwa kuna mtu mmoja kiwanjani na mtu mwengine getini, na unauliza ni yupi atakayetokea siku ya shida. Atatokea yule wa getini. Ndivyo ilivyo kwa karibu kila binadamu, na wala si dalili kwamba wewe ni mwoga. Mwaka 2008 taasisi ya utafiti ya RAND ya Marekani ilichapisha uchambuzi kuhusu Polisi wa jiji la New York. Kati ya mwaka 1998 na 2006, pale askari na mtuhumiwa waliporushiana risasi, ni asilimia 18 tu ya risasi za askari zilizompata aliyelengwa. Pale ambapo mtuhumiwa hakujibu kwa risasi, ilikuwa asilimia 30. Hao ni watu wa kazi, wanaopimwa shabaha kila mwaka na kufaulu. Zile risasi nane au tisa zako kwenye duara zinaonyesha kwamba unajua kushika bastola na kubana triga, yaani kifyatulio, bila kuiyumbisha, na huo ni msingi wenye thamani. Haziwezi kukuonyesha zaidi ya hapo.

Tuangalie kilichotokea mwilini mwako usiku ule. Macho yalipoona watu wawili wanakuja mbio gizani, ubongo ulitangaza hatari kabla wewe hujapata nafasi ya kufikiri. Adrenalini ikamwagika, moyo ukaenda mbio, damu ikaelekezwa kwenye misuli mikubwa ya kukimbia na kupigana. Mwili ukiwa hivyo ni hodari wa kusukuma, kuruka na kukimbia. Kwa kazi ndogondogo za vidole, kama kutafuta kijiti cha sefti, ni mbovu. Macho nayo hukaza kwenye kitu kimoja na kuacha vya pembeni, na masikio hupunguza sauti; ndiyo sababu hukumbuki vijana walisema nini. Huenda walikuwa wakipiga kelele kusimamisha gari, na wewe hukusikia neno.

Katika hali hiyo akili ya kupanga na kuchagua huwa nzito. Kinachobaki ni yale ambayo mwili umeyafanya mara nyingi mpaka hayahitaji kuamriwa. Hebu jiulize, mwili wako umefanya nini mara nyingi? Umesimama wima mchana kweupe, bastola iko mezani au mkononi tayari, sefti imeshashushwa, karatasi haisogei, na mwalimu anakwambia lini uanze. Hayo umeyazoea na unayaweza. Kuinua shati, kushika mpini vizuri, kuchomoa, kushusha sefti kwa dole gumba bila kuiangalia, huku ukirudi nyuma na kuamua kama huyu ni adui au jirani, hujawahi kuyafanya hata kidogo. Ni sawa na mchezaji aliyezoea kupiga penalti kwenye goli tupu jioni, kisha akapangwa fainali Uwanja wa Amaan na kipa mbele yake.

Kwa hiyo anayekwambia upige risasi nyingi zaidi kwenye karatasi ileile anakushauri uendelee kufanya unachokiweza. Mtafiti mmoja wa Uholanzi, Raôul Oudejans, alilipima jambo hili kwa askari polisi mwaka 2008. Kundi moja lilifanya mazoezi kwa kulenga karatasi. La pili lilifanya mazoezi dhidi ya mtu aliyekuwa akiwarudishia kwa risasi maalumu za sabuni ya rangi, zinazouma lakini haziui. Kabla ya mazoezi, makundi yote mawili yalikuwa yakiharibu shabaha mara yanapokabiliana na mtu anayewarudishia. Baada ya vipindi vichache tu, kundi la pili halikuharibu tena, na la karatasi likabaki vilevile. Utafiti uliofuata, alioufanya na mwenzake Arne Nieuwenhuys, ulionyesha kwamba faida ile ilikuwa bado ipo miezi minne baadaye. Wale askari hawakupewa nishani ya ujasiri wala dawa ya kuondoa woga. Walizoea kufanya kazi wakiwa ndani ya woga. Hilo ndilo unalolitafuta, na sehemu yake kubwa unaweza kuijenga bila kupiga risasi hata moja.

Tuanze na lile shati, kwa sababu hapo ndipo ulipokwama kwanza. Nina hakika kiwanjani unakwenda na suruali ngumu na fulana iliyochomekwa. Dukani unavaa shati la nje, na Ijumaa unavaa kanzu. Simama mbele ya kioo na nguo zako za kila siku, bastola ikiwa sefuni na ala, yaani mfuko wake, ikiwa tupu kiunoni, uangalie mkono wako unavyohangaika. Shati la nje linataka mkono wa kushoto ulikamate pindo na kulivuta juu mpaka kifuani, tena kwa ngumi nzima, si kwa vidole viwili, ili mkono wa kulia ukute mpini uko wazi. Vifungo vya chini vikibana, shati halipandi. Kitambaa laini kikilowa jasho hung'ang'ania mpini. Haya huwezi kuyajua mpaka uyajaribu.

Kanzu ni jambo jengine kabisa. Pindo liko kwenye vifundo vya miguu, na hakuna binadamu atakayeikunja mpaka kiunoni mtu akimjia mbio. Wapo wanaopitisha mkono kwenye upenyo wa mfuko wa ubavuni. Kuingiza mkono ni rahisi, kuutoa ukiwa umeshika chuma ndiko kwenye kazi, na mdomo wa bastola wakati huo unachungulia paja lako. Rai yangu ni hii: siku ya kanzu bastola ibaki kwenye sefu. Unakwenda msikitini, utarukuu na kusujudu katikati ya watu, watoto wako kwenye safu ya nyuma yako. Hapo si mahali pake. Na begi la begani lenye zipu usilihesabu kuwa ni njia ya kubebea silaha, kwa sababu mwizi akivamia begi ndilo la kwanza kunyakuliwa, na silaha inakwenda naye.

Baada ya nguo, njoo kwenye mazoezi ya bila risasi. Wapigaji shabaha wa mashindano makubwa hufanya hivi kwa saa nyingi kuliko wanavyopiga risasi, na kwa hapa kwetu, ambapo risasi ni ghali na kiwanja hupati kila siku, ndiyo njia yako kuu. Lakini ina adabu yake, na adabu hiyo haina siku ya mapumziko. Chagua chumba kimoja. Risasi zote, na magazini yenye risasi, ziwe chumba kingine zimefungiwa. Toa magazini, vuta slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, nyuma, angalia chemba kwa macho kisha ingiza ncha ya kidole uipapase. Elekea ukuta ambao risasi ikitoka kwa bahati mbaya haitapita. Ukuta mnene wa mawe wa nyumba ya Mji Mkongwe huenda ukafaa. Tofali la simenti lenye matundu, kama nyumba nyingi za Fuoni, usilitegemee. Panga magunia ya mchanga na ulenge hapo. Mlango ufungwe na simu izimwe. Ukimaliza, sema kwa sauti "nimemaliza", weka silaha kwenye sefu, na usirudie hata mara moja zaidi siku hiyo. Ule urudiaji wa mwisho, baada ya mtu kushajaza magazini yake, ndio uliotoboa kuta na kuua watoto wa watu.

Zoezi liwe la dakika kumi, na ndani yake fanya mambo machache polepole. Weka sarafu ya shilingi 200 juu ya slaidi, karibu na kilengeo cha mbele, ubane triga mpaka ifyatue na sarafu isianguke. Ikianguka, kidole chako kinavuta kwa pupa. Kisha kuchomoa: mkono wa kushoto unapandisha shati, wa kulia unashika mpini ukiwa bado ndani ya ala kwa mshiko uleule utakaopigia, bastola inapanda juu moja kwa moja, na inapogeuka kuelekea mbele dole gumba linashusha sefti. Kidole cha shahada kinabaki kimenyooka ubavuni mwa bastola mpaka uwe umeshaamua kupiga. Sefti isitafutwe kwa macho. Dole gumba liwe limezoea kupita pale kila bastola inapokwenda mbele, na lirudi kuipandisha kila inaporudi. Mwendo wa kobe katika wiki za kwanza, kasi itakuja yenyewe. Kurudisha kwenye ala usiharakishe hata siku moja: angalia kwa macho, hakikisha shati halijaingia, kidole kiko nje. Hapo ndipo watu wanapojipiga mapajani. Dakika kumi mara tatu kwa wiki zina faida kuliko saa mbili za siku moja kisha mwezi mzima bure, kwa sababu mwili hujifunza vizuri zaidi ukipewa kidogokidogo na kulala usingizi katikati.

Sasa rafiki yako na panga lake la mti, na wewe na bastola yako ya mti. Hapa ndipo penye utajiri, na hapa ndipo video zinapopotosha. Bila shaka umeshasikia kuhusu "futi 21". Dennis Tueller, askari polisi wa Salt Lake City, Marekani, aliandika mwaka 1983 baada ya kupima muda: mtu mwenye kisu anaweza kukimbia futi 21, yaani kama mita 6.4, kwa takriban sekunde moja na nusu, na huo ndio muda ambao askari aliyefunzwa anauhitaji kuchomoa na kupiga. Watu wameligeuza kuwa ruhusa, kwamba aliye ndani ya umbali huo apigwe. Tueller hakusema hivyo. Alikuwa anaonya kwamba hatari huanza mbali kuliko tunavyodhani, kwa hiyo tafuta kizuizi na nafasi mapema. Upimeni wenyewe kwa hatua na saa ya simu, utashangaa. Kisha kumbuka kwamba vichochoro vya mjini kwetu mtu anatokea kwenye kona ukiwa naye mita mbili. Hapo kuchomoa kwako kwa sekunde mbili hakukusaidii kitu. Kitakachokusaidia ni kuzunguka nyuma ya gari, kumsukumia geti, kumrushia mkoba wa pesa upande mmoja na wewe kukimbilia mwengine. Yafanyieni mazoezi hayo. Mkae getini kwako kwa ndani, gari limesimama pale linaposimama kila siku, ufunguo mkononi, muone ni kitu gani kinakaa kati yako na yeye.

Rafiki yako asikuvamie kila mara. Hili nalisisitiza kuliko yote. Mpe karata tano na kila moja iwe na kisa chake: jirani anayeleta futari usiku wa Ramadhani, kijana anayeuliza njia, mlevi anayetukana lakini hakaribii, mtu mwenye panga aliyesimama mita kumi na hasogei, na mvamizi wa kweli. Achague bila kukuonyesha. Wewe uongee, usogee, uamue. Ukikuta kwamba katika visa vitano bastola ya mti imetoka mara nne, una tatizo kubwa zaidi kuliko sefti. Wale vijana wa daladala, ndugu yangu, walinusurika kwa sababu ulishika shati. Ungekuwa na kasi unayoitamani na uamuzi uleule wa usiku ule, leo tungekuwa tunazungumza mambo mengine na mzazi mmoja wa Fuoni angekuwa amezika. Ndiyo maana sikufundishi kasi kabla ya kukufundisha kuona.

Kuona kunahitaji mwanga. Sisi wa Unguja giza tunalijua vizuri. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 tulikaa kisiwa kizima bila umeme wa kutoka bara. Nunua tochi yenye nguvu na uibebe mkono wa kushoto kila unaporudi usiku. Tochi unaweza kummulika jirani usoni na ukamwomba radhi. Weka na taa inayowaka yenyewe juu ya geti. Na sauti yako nayo uifanyie mazoezi, kwa sababu wengi katika khofu koo hufunga: "Simama hapo! Rudi nyuma!" Useme kwa kishindo, mazoezini, mpaka rafiki yako ashtuke. Sauti hiyo huwaondoa watu wengi wenye nia mbaya, huwaamsha majirani, na jirani mwema akiisikia atajitaja jina.

Suala la kupiga moja hewani, liondoe kichwani. Risasi ya milimita 9 ikipigwa kwa pembe huweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, na lazima itue. Chini yake kuna mapaa ya mabati na watu wamelala. Ukiipiga chini, sakafu ya simenti au ukuta wa mawe huirudisha upande usioujua. Na kama hali iliruhusu kupiga ya kutisha, mtu atakuuliza kwa haki kabisa: kama ulikuwa na nafasi hiyo, kwa nini hukuondoka?

Risasi chemba au bila? Hapa watu wa fani wanabishana kweli, na pande zote zina hoja. Wanaoweka risasi chemba wanasema muda wa kukoki, yaani kuvuta slaidi ili risasi iingie chemba, hautakuwepo, na mkono wa pili unaweza kuwa umeshikwa au unamsukuma mtu. Ni kweli. Wanaobeba chemba tupu wanasema kosa la mkono halitaua mtu. Nayo ni kweli. Mimi nakutazama wewe: una watoto watatu, mafunzo yako ni ya awali, sefti hujaizoea. Kwa sasa beba chemba ikiwa tupu. Mwalimu atakayekuona kwa macho yake ukichomoa na kurudisha mara nyingi bila kosa ndiye wa kukwambia ubadilishe, na hata hapo lazima iwe kwenye ala ngumu inayofunika triga yote. Ukifika nyumbani, bastola inakwenda sefuni kabla ya chai. Chini ya mto, juu ya kabati, ndani ya droo ya nguo, kote huko ni mahali watoto wanapopajua kuliko wewe. Na kwa hewa yetu ya chumvi na jasho la kiunoni, ipanguse na kuitia mafuta kila wiki hata kama hukuitumia. Kutu huanza ndani ya magazini, mahali ambapo hupaangalii.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi kwa sababu wakili atakueleza vizuri zaidi, na ninakuomba ukae naye japo saa moja. Leseni inakuruhusu kumiliki. Ukipiga mtu, mahakama itauliza kama uhai ulikuwa hatarini wakati uleule, na kama nguvu uliyotumia ilikuwa ya lazima na inalingana na hatari yenyewe. Aliyenyakua mauzo na anakimbia amekupa kisogo, huyo hapigwi. Hilo linanirudisha dukani kwako. Kama pesa za siku nzima zinakufuata Fuoni saa nne za usiku, kwa nini? Zipelekwe benki mchana, wateja wakubwa walipe kwa simu, funga mapema siku za mauzo makubwa, badilisha njia na saa ya kurudi. Mzee mmoja mfanyabiashara niliyemfundisha alifanya hayo yote, kisha akairudisha bastola polisi kwa hiari yake. Sikushawishi ufanye kama yeye, lakini uliweke jambo hilo mezani pamoja na mengine.

Yapo ambayo huwezi kuyapata peke yako wala kutoka kwangu kwa maandishi. Mshiko wako, namna unavyobana triga, mahali mdomo wa bastola unapopita wakati unageuka, haya yanataka jicho la mkufunzi aliye pembeni yako. Kupiga risasi za kweli ukiwa unatembea, au kutoka kwenye ala, kusifanyike bila mkufunzi, tena kwenye kiwanja kinachotambuliwa na Polisi. Kituo ulichopitishia leseni ndicho cha kuulizia. Ukimpata mkufunzi, mwambie neno kwa neno ulichoniandikia mimi, na umwombe vipindi vya kuamua, kuongea na kusogea, si vya kutoboa karatasi tu. Akicheka au akikwambia hayo ni ya sinema, tafuta mwengine.

Na daktari. Umeandika "tangu siku hiyo". Ikiwa tangu siku hiyo usingizi umekatika, unaamka kukagua geti mara kwa mara, unashtuka watoto wakifunga mlango kwa nguvu, au unamkaripia kila mtu, nenda hospitali ukazungumze na mtaalamu wa afya ya akili. Inatibika, na si aibu. Mpaka utakapokuwa sawa, ipeleke silaha polisi waihifadhi. Mtu ambaye mwili wake uko vitani saa zote ataona mvamizi katika kila kivuli, na mazoezi yatamfanya awe na kasi ya kukosea.

Mke wako, ndiyo, afundishwe, ila si kupiga kwanza. Leseni ni yako na si yake, kwa hiyo kuibeba si ruhusa yake. Ajue kuitambua na kutoigusa, na watoto wajue kwamba wakiiona mahali wasiiguse, watoke chumbani na waite mkubwa. Kisha mpange pamoja usiku utakavyokuwa: neno moja mtakalokubaliana, wewe ukilitamka yeye anakusanya watoto chumba cha ndani, anafunga mlango, anapiga 112 na kumpigia jirani mliyekwishaongea naye. Akae huko na asitoke mpaka asikie sauti yako ikitaja jina la mtoto mmoja. Lifanyieni mazoezi jioni, bila silaha, taa zikiwa zimezimwa, watoto wakiwa wameelezwa kwa upole kwamba ni zoezi kama lile la moto wanalofanya skuli. Anzeni na hilo wiki hii, kabla ya seremala.